Mtoto wa Kuita Wenzake

Kazi yangu ya kwanza duniani nilipewa nikiwa na miaka minne, na hakuna aliyeniuliza kama naiweza. Nilitolewa kwa mama yangu kule kisiwani Juani, nikavushwa kwa mashua mpaka Utende, nikapakiwa kwenye baiskeli ya bamdogo mpaka Kiegeani, nikakabidhiwa kwa mamdogo pamoja na mfuko wa rambo wenye magauni mawili, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kuku alikuwa zawadi. Mimi nilikuwa dawa.

Kwetu ndivyo wanavyoamini. Mwanamke akikaa kwenye ndoa mtoto asije, nduguye mwenye watoto wengi humpa mmoja amlee. Huyo mtoto akilia uani, akimwaga uji, akivunja vikombe, basi watoto wengine huko waliko watasikia kwamba nyumba hii ina wenyewe, nao watakuja. Ni mtoto wa kuita wenzake. Mama yangu alikuwa na watoto wa kutosha kugawa, na bibi, aliyewazaa yeye na mamdogo, ndiye aliyechagua. Mpaka leo anajitetea kwa kusema, "Nilichukua lile lenye kelele."

Asubuhi ya kwanza bibi alinisimamisha uani akaniambia, "Haya, kaite wenzio." Sikuonyeshwa kazi inafanywaje, nikaifanya nilivyojua. Nikazunguka nyumba nikipiga kelele, "Jamani njooni! Njooni kuna uji!" Nikaita uvunguni mwa kitanda, nikaita nyuma ya choo, mwisho nikaenda kisimani nikachungulia, nikaita humo. Humo wakaitika. Sauti ya mtoto kabisa. Nikakimbia jikoni kumwambia mamdogo kwamba nimewapata, wako kisimani, wanataka ngazi.

Mamdogo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, yeye akabaki amekaa pale pale kwenye vumbi, mwiko mkononi. Nilidhani amechoka kwa kucheka.

Sasa niko kidato cha tatu na hajaja mtu. Ingekuwa kazi nyingine yoyote wangenifukuza zamani.

Nimekua nikiona dawa. Niliona kombe, yale maandishi ya zafarani kwenye sahani nyeupe ambayo husuuzwa kwa maji, na mamdogo akiyanywa ameelekea kibla. Niliona mizizi ikichemshwa kwenye chungu ambacho sikuruhusiwa hata kukigusa, na ambacho kilinuka kama soksi za darasa letu. Baadaye vikaja vidonge vya Kilindoni, kisha vidonge vya Dar es Salaam, ambavyo vilikuwa vile vile ila boksi lake linang'aa. Kila dawa ilikuja na mwenendo wake ndani ya nyumba. Kwanza mamdogo anaimba akisuka ukili. Kisha haimbi, anasuka tu, haraka haraka, mkeka unarefuka kama anataka kuufikisha Chole. Kisha inafika siku chai inaletwa haina sukari, kwa sababu aliyeipika ameisahau. Mimi nilijulia kwenye chai. Nikionja haina sukari, sikuuliza kitu, nilikunywa nikaenda shule.

Nieleze pia kwamba mimi si mtoto wa kukaa kimya. Shuleni mwalimu wa nidhamu anajua hatua zangu kabla sijafika mlangoni. Nikicheka msibani ninakanyagwa mguu. Ila nyumbani kwetu nilijifunza kwamba mdomo una majira yake, na kwamba kuna wiki mzaha unaingia na kuna wiki mzaha unakaa nje na ndala zake.

Mwaka huu mamdogo alitangaza. Tulikuwa tunakula, akasema bila kuinua uso kutoka kwenye sinia, "Nafanya hii moja, kubwa, ya mwisho. Ikija, alhamdulillahi. Isipokuja, napumzika. Na mtu asinifuate tena na chungu."

Bamdogo akasema, "Insha'Allah itakuja."

"Nimesema na isipokuja."

"Nimesikia," akasema bamdogo, na akamsogezea kipande cha samaki chenye nyama.

Hiyo kubwa ni upandikizaji. Nitaieleza kama nilivyoelezwa. Mwanamke anajichoma sindano kila siku ili mayai yake yakomae mengi kwa mpigo. Anakwenda hospitali Dar, daktari anayatoa, anayakutanisha na mbegu za mumewe kwenye chombo cha maabara. Kikitokea kitu kikaanza kukua, anakirudisha tumboni. Halafu mnasubiri. Nilimuuliza bamdogo kama kuku wetu wanajua kwamba watu wanahangaika hivi kwa mayai. Akanijibu, "Wewe ipo sindano yako, ya mdomo."

Taabu ilikuwa baridi. Hizo sindano sharti zikae kwenye baridi, na umeme wa kwetu huja kwa hiari yake, kama mgeni asiyependa kuagana. Lakini bamdogo ananunua pweza kwa wapiga mbizi na kuwapeleka Kilindoni, na ana deli kubwa la barafu. Basi dawa ya maelfu ya matumaini ikafungwa kwenye kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, kibakuli kikatiwa kwenye mfuko, mfuko ukalazwa juu ya barafu, na chini ya barafu wamelala pweza, miguu imekunjana, wanaitazama.

Siku ya kwanza mamdogo alikaa kwenye kibao karibu na lile deli, baada ya kuswali Magharibi. Alipandisha blauzi kidogo, akafinya ngozi ya tumbo, akashika sindano. Bamdogo, mtu anayemgeuza pweza kichwa nje ndani kama soksi, alisema anakwenda kuangalia upepo wa gurudumu la baiskeli, na akaenda kweli. Tukabaki wawili.

"Sema kitu," mamdogo akasema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Wewe si ndiye mwenye mdomo?"

Nikaangalia deli. Nikasema, "Mamdogo, dawa imelala na pweza. Huyu mtoto atakuja na mikono minane. Mmoja wa kula, mmoja wa kuandika, sita ya kuniibia."

Hakucheka. Sidhani kama alisikia. Lakini nilipofika kwenye ile sita, sindano ilikuwa imeshaingia na imeshatoka. Akabandika pamba, akashusha blauzi. "Kesho tena," akasema.

Nikawa nimepewa kazi ya pili. Kila jioni yeye anafinya ngozi, mimi nasema. Nilimwambia habari za mwenzangu aliyeulizwa na mwalimu wa jiografia kisiwa cha Mafia kiko wapi, akajibu, "Hapa hapa mwalimu, umekikanyaga." Nilimwigizia mkuu wa shule anavyokohoa kabla ya kutoa adhabu, ili kila mtu apate muda wa kukumbuka dhambi zake. Nilimsimulia mbuzi wa jirani aliyekula nusu ya daftari langu la hesabu na kuacha nusu yenye makosa. Mara nyingine alitabasamu upande mmoja. Mara nyingi alikuwa anatazama ncha ya sindano, midomo inasoma bismillahi, na maneno yangu yanapita juu yake kama inzi.

Sikujua kwamba kuchekesha kunachosha kuliko kupepeta mchele. Mzaha ukiutoa kwa hiari yako ni mwepesi. Ukitakiwa kila siku, saa ile ile, mbele ya mtu anayejitoboa, unakuwa mzigo wa kuni. Nilikuwa nauokota mchana kutwa. Naingia darasani sisikilizi somo, nasikiliza nani atateleza niende naye nyumbani. Na nikiupata nauficha, siutumii shuleni, nauweka wa jioni. Wenzangu wakaanza kusema nimejaa maringo.

Mamdogo naye alikuwa anabadilika. Tumbo likavimba, likajaa madoa ya buluu pale sindano zilipopita. Kichwa kinamgonga. Kifuniko cha sufuria kikianguka, analia. Siku moja alimgombeza kuku kwa kupita tu, akamgombeza tena na tena, mpaka akamkumbusha mambo ya mwaka jana, kisha akakaa kizingitini akamrushia mtama na kumwambia, "Nisamehe, si wewe." Bamdogo alisimama mlangoni na mkono kichwani. Wanaume wa kwetu wanajua la kufanya chombo kikiingia maji. Hili la mke kumwomba kuku radhi hawakufundishwa.

Ikafika jioni sina kitu. Nimepekua kichwa chote, hamna. Mamdogo ameshafinya ngozi, anangoja. Nikatoa lililokuwa chini kabisa.

"Mamdogo, mimi ile kazi nilifeli."

"Kazi gani?"

"Ya kuita. Nililetwa niite wenzangu. Hawakuja."

Sindano ilikuwa hewani. Akaniangalia, na nadhani ndiyo jioni pekee aliyoniangalia mimi badala ya ncha.

"Nani alikwambia umeajiriwa?"

"Bibi."

"Basi mshahara kadai kwa bibi," akasema, akajichoma. Halafu akakaa na pamba mkononi muda mrefu kuliko siku zote, akisahau kuibandika, na tone dogo la damu likateremka mpaka kwenye upindo wa kanga.

Wiki hiyo hiyo darasani tulifika mada ya uzazi. Mwalimu wa baiolojia alichora mchoro ubaoni, darasa zima likageuka kuniangalia, maana walijua hiyo ni sikukuu yangu. Nilikuwa na maneno, tena mazuri, yamejipanga mlangoni. Nikaweka kichwa juu ya dawati.

Mwalimu akasema, "Kulikoni, leo redio imezimwa?"

"Betri, mwalimu."

"Kaianike juani."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alikuwa amenishinda kwa silaha yangu, na sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Niliutazama ule mchoro, mishale na majina, kila kitu kimefika mahali pake bila kuchelewa, nikaona aliyeuchora hajawahi kufika nyumbani kwetu.

Ikafika siku ya kwenda Dar. Mamdogo na bamdogo walipanda boti alfajiri pale Kilindoni kwenda Nyamisati, bara, na huko wakashika basi. Bibi akaja kutoka Juani kunilinda, au mimi nimlinde yeye, hatujakubaliana mpaka leo. Mimi na bibi ni watani kama ilivyo kwa bibi na mjukuu; ananiita mke mwenzangu, tunagombania babu ambaye ameshafariki.

"Mke mwenzangu," akasema akishusha mzigo wake, "huyu daktari anamtafutia mwanangu mtoto ndani ya chupa. Mimi nilimpa aliye hai, mwenye meno."

"Aliye hai hakufanya kazi, bibi."

"Hukuita vizuri. Uliita chooni. Nani atakuja akiitiwa chooni?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akajifunika kanga usoni akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Ya Rabbi, mpe hata mmoja. Hata mwenye kelele."

Walirudi mamdogo akitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni kichwani, na ndoo hiyo haionekani. Viinitete viwili vilikuwa vimerudishwa, wala hakikubaki kingine cha kuwekwa akiba. Ameambiwa asibebe kizito, asiiname sana, angoje, kisha apime. Basi maji nachota mimi, uani nafagia mimi, na yeye amekaa kivulini, hasuki hata ukili, mikono imelala mapajani kama ya mgeni.

Majirani wakaona. Mke aliyekuwa akiamka kabla ya jogoo sasa amekaa, na mtoto wa shule ndiye anayechota maji. Kwetu huulizi habari ya mimba changa. Kuuliza ni kuitia macho. Unapeleka uchachu. Wa kwanza alikuwa jirani wa vitumbua, na bakuli la maembe mabichi yaliyokatwa, chumvi na pilipili juu. "Nimepita tu," akasema, na akapita kweli. Kesho yake mke wa mwalimu wa madrasa akaleta bakuli la maembe mazima na ukwaju. Kisha jirani mwenye mbuzi akaleta bakuli lenye ndimu, maembe, na udongo wa kula umefungwa kwenye karatasi ya daftari. Kila mmoja amepita tu. Hakuna aliyesema neno, na kila mmoja aliondoka na uso wa mtu aliyesema yote.

Mamdogo alipokea. Angefanyaje? Kukataa ni kueleza, na kueleza ni kutaja Dar, sindano na chombo cha maabara, na kwamba hakuna anayejua kama kipo au hakipo. "Ahsante, Mungu akulipe," alisema kila mara, kisha ananipa bakuli nikaliweke jikoni. Jikoni kukanuka uchachu mpaka macho yanatoa machozi. Yeye hakuwa na hamu nayo. Nikayala mimi, kwa kuona aibu yasije yakaoza, mpaka meno yakapata ganzi nikashindwa kutafuna mkate.

Bibi, ambaye alikuwa bado hajarudi kwake, akanionya. "Mke mwenzangu, endelea kuyala hivyo, na wewe utaletewa bakuli."

Jioni moja nilimkuta mamdogo peke yake jikoni. Alikuwa ameshika kipande cha embe, amekiuma ncha, anasikilizia mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Akaniona.

"Tamu?" nikamuuliza.

"Chachu."

"Sasa?"

"Labda," akasema, na akakimaliza chote, huku uso umekunjamana.

Hilo neno likaingia ndani ya nyumba likakaa. Bamdogo alikuwa analisema akifunga deli. Bibi alikuwa analisema baada ya salamu ya swala, kushoto na kulia. Hata mimi nilijikuta nimeliandika pembeni mwa mtihani wa kemia, na mwalimu akaweka alama ya kuuliza juu yake.

Jumamosi nilikuwa nafua sare. Mamdogo alitoka bafuni, akapita nyuma yangu bila kusema, akaingia jikoni. Baada ya muda akatuita chai. Bamdogo alikaa, bibi akakaa, nikakaa na mapovu mikononi. Nikaonja.

Haikuwa na sukari.

Bamdogo alikunywa kikombe chote taratibu, akakisogeza mbele. "Niongeze," akasema. Mamdogo akamwongeza ile ile. Akainywa nayo.

Walikwenda Kilindoni kuhakikisha kwa kipimo cha damu, maana daktari alitaka hivyo, na walirudi na jibu lile lile. Mamdogo hakulia mbele yetu. Alilala mchana kutwa, siku nyingine akalala tena. Nilikuwa napita mlangoni na mzaha wangu mdomoni, nasikia ukimya ule, naumeza.

Siku alipoamka alifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni, na sauti yake ikatoka. "Leta maembe."

"Yapi?"

"Yote. Na yale uliyoficha."

Tukakaa chini tukayakata, yaliyolegea na yaliyo magumu. Akayapaka chumvi, akayaanika kwenye ungo juu ya bati la banda la kuku. Jua la kwetu halihitaji kuombwa. Yaliponywea akatwanga pilipili, kitunguu saumu na bizari, akachanganya na siki, akaishindilia achari ile kwenye madumu ya plastiki, akaiacha ikolee. Kisha akatoa yale mabakuli ya watu, akayaosha mawili mawili, akayajaza.

Kwetu bakuli la jirani hulirudishi tupu. Likija na wali litarudi na mkate. Likirudi tupu mwenyewe atauliza kakukosea nini. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, msichana kutumwa kurudisha mabakuli. Nilipofika uani nikiwa na la kwanza mkononi ndipo nilipoelewa ninachobeba. Maembe ya mimba yamerudi kuwa kitoweo. Hakuna mwenye mimba anayeshindwa kuyala mpaka akayageuza achari.

"Mamdogo, nikiulizwa nisemeje?"

"Hutaulizwa."

Jirani wa vitumbua alikuwa anakoroga unga. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akafunua. Harufu ikampanda. Mwiko ukasimama.

"Ndiyo yale?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, mama."

Akachovya kidole, akaonja. Akatazama upande wa nyumba yetu. "Mwambie chumvi imekaa vizuri," akasema, na akanifungia vitumbua vya moto vingi kuliko watu wa nyumba yetu.

Mke wa mwalimu wa madrasa hakuonja. Alifunika bakuli kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika uso wa mtoto aliyelala. "Mwambie asibebe ndoo bado. Asiharakishe."

Jirani mwenye mbuzi, yule ana ulimi. Alifunua, akaelewa, akaanza, "Dunia hii! Wengine sisi watoto wanakuja hata hatujawa—" akakatia hapo hapo. Nikangoja amalize, naye akangoja nimjibu, maana siku zote namjibu. Niliwasalimia mbuzi wake nikaondoka.

Bamdogo alijitahidi. Jioni moja alisema daktari amewaeleza kwamba mwili ukipumzika wanaweza kurudia. Alilisema kwa upole, kama mtu anayempa mgonjwa maji. Mamdogo alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mchele ule ule uliokwisha kuwa safi.

Bibi alikuwa amekwenda Juani tangu ile Jumamosi. Ghafla akarudi, na hakurudi peke yake. Alimshika mkono mdogo wangu wa mwisho, kitindamimba wa mama yangu, miaka minne, kamasi mpaka mdomoni, na mfuko wa rambo. Kwapani bibi amembana kuku.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "mwenzio nimemleta. Huyu ana sauti kuliko wewe. Jana ameamsha mtaa."

Nikamtazama yule mtoto. Suruali imefungwa kwa kamba, macho yanatafuta mama. "Karibu kazini," nikamwambia. Nilitaka iwe mzaha. Ilitoka kama kitu kingine.

Bibi hakupoteza muda. Akamsimamisha katikati ya uani, pale pale, akamgeuza uso kuelekea kisimani, akampapasa kichwa. "Haya baba, kaite wenzio."

Mtoto akavuta pumzi. Niliona kifua kinajaa.

"Usiite mtu!"

Mamdogo alikuwa mlangoni, mikono ina unga mpaka viwikoni. Mtoto akafunga mdomo. Hata kuku akatulia.

"Mwanangu," bibi akasema, "mtoto haumi."

"Hajaniuma, mama. Nimechoka." Hakupandisha sauti. "Nimechoka kungoja, na nimechoka kuwangojesha wenzangu. Nilisema ni ya mwisho mkanisikia. Huyu asiite mtu. Aje ale."

"Akishakula?"

"Acheze. Wiki ikiisha mrudishe kwa mama yake, akalale na wenzie aliowazoea. Akitaka kuja kutembea, aje kutembea."

"Na mumeo naye anasemaje?"

Bamdogo alikuwa ameinama anaosha deli. Aliendelea kuosha, akasuuza, akamwaga maji, akaligeuza likauke. Kisha akasema, "Mama, ameshasema."

Bibi alisimama. Nilidhani atalia, au ataita wajomba. Akamtengeneza kuku vizuri kwapani. "Basi na kuku narudi naye."

"Kuku muache," mamdogo akasema.

Akamwacha.

Jioni ile mdogo wangu alilala mapema, chali juu ya mkeka, baada ya kula kama baharia. Bibi alikuwa anavuta tasbihi chumbani. Baada ya Magharibi nikajikuta nimekaa karibu na deli, na mamdogo naye amekuja akakaa kwenye kibao chake. Hakuna aliyemwita mwenzake. Miili ilishazoea saa. Hapakuwa na sindano wala pamba. Alishika upindo wa blauzi, akakumbuka, akauacha.

"Sema kitu," akasema.

"Sina, mamdogo. Zimeisha."

"Kweli?"

"Wallahi."

Akaegemea ukuta. Nikadhani amesinzia.

"Kulikuwa na mtoto," akaanza, "ana mikono sita."

"Minane."

"Minane. Mmoja wa kula. Mmoja wa… wa nini ule?"

"Kuandika."

"Wa kuandika. Na ile mingine…" Akainua mikono yake mwenyewe, akaitazama mbele na nyuma, bado ina unga kwenye kucha. "Mingine ilikuwa ya kazi gani?"

"Ya kuniibia."

Akafikiri. "Haichekeshi."

"Hata siku ile haikuchekesha."

"Najua. Nilikuonea huruma, ukatoka jasho."

Hapo tukaanza kucheka, kicheko kibovu, cha watu waliochoka, kinachokatika na kuanza upya bila sababu. Bamdogo akachungulia kutoka nje, ufunguo wa baiskeli mkononi, akauliza kuna nini. Mamdogo akamwambia akae amsimulie. Akakaa. Mamdogo akaanza upya, tangu mwanzo, na safari hii mikono ilikuwa mitano.

Sikumsahihisha. Nililaza kichwa kwenye kifuniko cha deli, kinanuka pweza, nikamwacha aendelee.